Krola yangu ya kwanza inanyanyua tairi la mbele kushoto kila ikipanda jiwe. Nimekosea wapi kuifunga?

Jabali_Mwz (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu.

Nimedunduliza miezi mitano nikaagiza krola ya rimoti, yale magari ya kukwea mawe, ile inayokuja vipande vipande kwenye boksi unaifunga mwenyewe. Ukubwa ni 1/10 ya gari halisi, ekseli ya mbele hadi ya nyuma milimita 313. Imenichukua usiku saba kwenye meza ya kulia chakula: ekseli, gia boksi, shokapu, boljointi, mwisho bodi. Mota ni saizi 540, waya wa ndani umezungushwa mara 35, kidhibiti mwendo cha ampea 80, sevo (kimota cha kukatia kona) ya kilo 25, betri LiPo 2S, yaani ya lithiamu yenye seli mbili.

Jumamosi nimeipeleka kwenye mawe ya Kapripointi, hapa Mwanza. Tambarare inakwenda vizuri kabisa. Ikianza kupanda jiwe lenye mwinuko, tairi la mbele kushoto linaachia jiwe, linaning'inia kama upana wa kidole, na bodi inalalia kulia. Mara mbili imebiringika mpaka chini. Haijawahi kunyanyua la kulia hata siku moja. Ni kushoto tu.

Kampuni siitaji, sijajua kama kosa ni la kiwandani au la mkono wangu. Nimefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Naombeni mawazo, hii gari nimeipenda sana na sitaki kuiweka kabatini.

FundiNati
Hongera mkuu, karibu kwenye ulevi huu.

Angalia shokapu kwanza. Anayefunga mara ya kwanza karibu lazima aache hewa ndani. Chomoa moja moja, sukuma fimbo mpaka mwisho, weka sikioni. Ukisikia kama mtu anasukutua maji mdomoni, kuna hewa. Shokapu moja ikiwa na hewa na mwenzake hana, upande mmoja unashuka haraka na mwingine unachelewa, na ndicho unachokiona.

Dawa: jaza oili, pandisha shusha fimbo polepole, isimamishe dakika kumi viputo vipande juu, ongeza oili mpaka ifurike, sukuma fimbo nusu ndio ufunge kifuniko. Zote nne fimbo ikiwa nusu hiyo hiyo.

Kasikazi_Muscat
Assalaam alaykum jamaa.

FundiNati, shokapu ikiwa na hewa itasumbua kote, tambarare na mlimani. Yeye anasema tambarare haina neno. Ndugu yangu Jabali, umeshawahi kushika drili ya umeme ikakwama ukutani? Biti haizunguki tena, drili yenyewe inakupinda mkono. Basi ndiyo hiyo. Propela, ile fito inayopeleka nguvu ya mota kwenye ekseli, inapolazimisha ekseli kuzunguka na tairi zimekamata jiwe, chasisi inasukumwa kuzunguka upande wa pili. Tambarare nguvu ni ndogo huoni kitu. Mlimani nguvu ni kubwa, bodi inalala.

Jaribio lake rahisi. Panda jiwe lile lile kwa rivasi. Mota ikigeuka, msukumo nao unageuka, na kulala kuhamie upande wa pili. Isipohama, tafuta sababu nyingine.

Mzee_wa_Waya
Vijana, mimi sijawahi kumiliki gari la rimoti la maana, ila nimesuka magari ya waya tangu niko darasa la pili, ya kusukuma kwa fimbo ndefu yenye stelingi juu, tairi za vifuniko vya kopo la rangi. Gari la waya likikataa kwenda mbele sawasawa, kosa huwa kwenye fremu. Umekaza upande mmoja kabla ya mwingine, fremu imejipinda kama chapati, jicho halioni.

Kijana wangu, toa shokapu na tairi zote, weka chasisi tupu juu ya kioo. Kioo, si meza, meza zetu zina mabonde. Bonyeza kona moja moja. Ikicheza, legeza skrubu zote za katikati, iache ikae yenyewe kwenye kioo, kisha kaza kwa msalaba kama unavyokaza nati za tairi.

binti_kirumba
Jabali, jirani yangu kumbe! Kabla hujafungua chochote, betri umeiweka wapi? Na sevo? Na kile kiboksi cha kupokea rimoti? Mimi yangu ya kwanza vyote vilijikusanya upande mmoja, ndipo waya zilipofika. Chukua mzani wa jikoni, pima kila tairi, tuletee namba.

Msafiri_Naks
Niaje wadau. Niko Nakuru, nina mwaka wa tatu na hizi vitu.

Wote mmeruka boljointi. Zile za plastiki kwenye ncha za fito zikiwa mpya hubana mpira wa chuma ndani. Toa shokapu zote nne, inua chasisi kwa mkono, ekseli inafaa ianguke kwa uzito wake mwenyewe, kushoto na kulia, bila kusitasita. Ikibaki hewani kama mkono wa mtu aliyeuliza swali darasani, boljointi zimebana. Minya kidogo kwa koleo ukiizungusha, italegea. Yangu ilinyanyua tairi hivyo hivyo kwa wiki mbili na nilikuwa nimeshanunua shokapu mpya bure.

Lyagamba
Nimeweka kambi hapa, nafuatilia. Yangu iko njiani, sijui hata nianzie wapi. Ile gundi ya buluu ya skrubu natia kwenye skrubu zote?

FundiNati
@Lyagamba ndiyo, tia zote, mtikisiko wa mawe unalegeza kila kitu.

Msafiri_Naks
@FundiNati hapana bro. Gundi ni pale chuma kinaingia kwenye chuma tu: skrubu za mota, skrubu ndogo za kubana pinioni (gia ndogo ya kwenye mota), propela. Ukiiweka kwenye plastiki, aina nyingi za plastiki zinapasuka baada ya siku chache. Nimepoteza kishikio cha ekseli namna hiyo. Skrubu inayoingia kwenye plastiki inajishika yenyewe, kaza polepole na ikishakaa, acha.

FundiNati
Nakubali, hiyo nilikosea. Zangu ni za chuma tupu ndio maana sijakutana nayo. @Lyagamba fuata ya Msafiri.

Na la kukuongezea: pinioni na gia kubwa ya mota usizibananishe. Kata kipande cha karatasi ya daftari, pitisha katikati ya meno, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza skrubu, zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa meno meno bila kuchanika, umepata. Hilo halikosei.

Jabali_Mwz
Asanteni sana wakuu, sijalala. Majibu:

Shokapu: moja, ya nyuma kulia, ilikuwa na hewa. Nimejaza upya zote.
Boljointi: ekseli ya nyuma inaanguka vizuri. Ya mbele ilikuwa inasita upande wa kushoto, nimeminya mbili zimelegea.
Kioo: sina kioo kikubwa, nimetumia mlango wa kioo wa kabati la vyombo (mke wangu amesimama pembeni muda wote). Chasisi inacheza kona ya mbele kushoto, karatasi moja inapita, karatasi mbili hazipiti.
Mzani, na betri ikiwa ndani: mbele kushoto gramu 720, mbele kulia 805, nyuma kushoto 630, nyuma kulia 605.

Rivasi bado, mvua inanyesha na mawe yanateleza.

Kasikazi_Muscat
Tazameni namba hizo vizuri. Jumlisha mbele kushoto na nyuma kulia: 1,325. Mbele kulia na nyuma kushoto: 1,435. Tofauti iko kwenye msalaba. Betri ikiwa imelalia upande mmoja, upande mzima ungekuwa mzito. Msalaba ni springi au fremu. Mzee wa Waya anaweza kuwa na haki yake hapo, ingawa mimi bado nasubiri rivasi.

binti_kirumba
Subirini kwanza. Nimejumlisha zote nne nimepata 2,760. Jabali, gari zima ukiliweka juu ya mzani linasema ngapi?

Jabali_Mwz
Nimepima sasa hivi. 2,600 kamili.

binti_kirumba
Gramu 160 zimetoka wapi basi? Ulipima tairi moja juu ya mzani na tatu ziko chini mezani, sivyo? Ukiinua kona moja, springi ya kona hiyo inabanwa, inabeba uzito usio wake. Kila kona uliyopima imejiongezea. Tafuta vitabu au vibao vya unene sawa na mzani, weka chini ya tairi tatu zilizobaki, gari likae sawa, ndio upime. Namba zako zikijumlishwa zikifika 2,600 tutaziamini.

Mzee_wa_Waya
Huyu binti alisoma hesabu kwa mwalimu mkali.

binti_kirumba
Shikamoo mzee. Niliuza dagaa na mama pale soko la Mwaloni, mzani ukikosea jioni unalipa wewe.

Lyagamba
Wakuu, nisaidieni la betri. Muuzaji wa nje ananiambia LiPo haziji kwa ndege. Ni kweli au ananizungusha? Kuna mtu ameniambia nitoe seli za 18650 kwenye betri ya laptopu bovu nizifunge mbili.

Kasikazi_Muscat
@Lyagamba hakuzungushi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake hazipakiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zinazokwenda kwa ndege za mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Wauzaji wengi hawataki usumbufu huo. Tafuta wanaoleta kwa meli, ama nunua kwa mtu aliyekwisha kuzileta.

Msafiri_Naks
Seli za laptopu achana nazo kabisa. Zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi. Mota ya krola ikikwama inavuta ampea nyingi kwa ghafla, seli zinapata moto, volti inaanguka, gari linazima katikati ya jiwe. Anza na betri ya NiMH (ya nikeli) ya volti 7.2, ile ya seli sita. Ni nzito na haina mbio, ila si rahisi kuwaka moto kama LiPo ukikosea chaja, na krola haihitaji mbio.

Jiwe_Linaongea
@Lyagamba kama uko Iringa nitafute PM (ujumbe wa faragha), nina NiMH mbili sizitumii. Tutakutana kwenye jiwe la Gangilonga, juu pale kuna kipande cha jiwe chenye ufa ambacho hakuna gari langu limewahi kukivuka.

Nikirudi kwa Jabali: mbona hakuna aliyeuliza tairi? Sponji ya ndani ikikaa imejikunja upande mmoja, tairi hilo linakuwa gumu, halijiachii juu ya jiwe, linadunda. Fungua skrubu za rimu mbele kushoto uangalie. Na tundu la hewa usilizibe na gundi, tairi laini bila kupumua linakuwa kama mpira wa miguu.

Jabali_Mwz
Mvua imekatika, nimerudi Kapripointi na vibao vitatu na mzani kwenye begi. Watoto wakafikiri nauza nyama.

Mzani upya, vibao chini ya tairi tatu zilizobaki: mbele kushoto 715, mbele kulia 740, nyuma kushoto 565, nyuma kulia 580. Jumla 2,600. @binti_kirumba nakusalimu kwa heshima zote.

Sponji: mbele kushoto ilikuwa na kunjo moja, si kubwa. Nimeinyoosha.

Chasisi nimeikaza kwa msalaba kama alivyosema mzee, sasa karatasi haipiti kona yoyote.

Kisha jiwe lile lile. Kwenda mbele: kushoto bado linanyanyuka, ila sasa ni unene wa penseli, si kidole tena. Rivasi: imenyanyuka ya NYUMA KULIA, kama nusu ya hapo. Nimerudia mara sita, na mara zote sita imekuwa hivyo.

Kasikazi_Muscat
Alhamdulillah. Upande umehama. Ni msukumo wa propela, na gramu 40 za kulia zinausaidia ikienda mbele na kuupinga ikirudi rivasi. Ndiyo maana rivasi ni nusu. Hamisha vitu vyako kwenda kushoto mpaka tofauti hiyo ya gramu 40 iishe, kisha kubali kilichobaki. Magari makubwa nayo yanafanya hivi. Huku milimani watu wanapanda na Land Cruiser za ekseli ngumu na wanajua upande gani gari litajinyanyua kabla hawajafika kwenye jiwe.

FundiNati
Mkuu Kasikazi, hapo unafunga kesi mapema. Rivasi mbele kunakuwa chini na nyuma kunakuwa juu. Nyuma yake ina gramu 1,145 na mbele 1,455, kwa hiyo umebadilisha uzito, umebadilisha na springi, umebadilisha na shokapu zinazofanya kazi. Si jaribio moja tena. Na kidole kimekuwa penseli baada ya kutoa hewa kwenye shokapu, hilo usilisahau.

Msafiri_Naks
Au baada ya kuminya boljointi.

Mzee_wa_Waya
Au baada ya kunyoosha fremu. Vyote vilifanyika usiku mmoja, nani atajua kipi kilichoponya? Ulipaswa kufanya kimoja, upande jiwe, ndio ufanye kingine.

Jabali_Mwz
Kweli mzee, sikuwa na subira.

Portali_Kibamba
Nimechelewa. Naongezea kitu kimoja tu kuhusu msukumo wa propela. Nguvu inayolaza chasisi ni ile iliyopo kwenye propela, si ile iliyopo kwenye tairi. Ukipunguza mwendo zaidi baada ya propela, propela inabeba kidogo kwa kazi ile ile. Ndiyo faida moja ya ekseli za portali, zile zenye gia ndogo kwenye kila kitovu cha tairi kama Unimog. Traxxas walipotoa TRX-4 mwaka 2017 ilikuja nazo, na kwenye mwinuko bodi inatulia kuliko ya kaka yangu yenye ekseli za kawaida. Tumepanda jiwe moja tukizipokezana.

Bila kununua ekseli mpya, unaweza kutafuta gia za difu zenye uwiano mkubwa zaidi. Propela itazunguka haraka zaidi na itavuta kwa nguvu ndogo zaidi.

Jiwe_Linaongea
Portali zina kasoro yake, zinainua kila kitu juu. Yangu niliziweka zikanipandisha kimo, nikaanza kubiringika pembeni kwenye miteremko ambayo zamani nilikuwa napita. Ikabidi niweke uzito wa shaba kwenye vitovu vya mbele.

Portali_Kibamba
Shaba ni lazima, ndiyo. Chini kabisa, na mbele zaidi ya nyuma.

Lyagamba
Kwa hiyo LiPo ya 2S ikijaa inakuwa 7.4, nachomoa chaja hapo?

binti_kirumba
Hapana Lyagamba, 7.4 ni jina lake tu, 3.7 kwa kila seli. Ikijaa ni 4.2 kwa seli, yaani 8.4. Ukikaa siku nyingi bila kuchezea, iache kwenye 3.8 kwa seli, isijae wala isiishe. Na hakikisha kidhibiti mwendo umekiweka kwenye LiPo, kisije kikainyonya mpaka ikafa. Usiiache inachaji ukaenda dukani.

Jabali_Mwz
Taarifa ya leo. Nimehamisha kipokezi na waya zake kushoto, nikabandika kipande cha risasi ya kuvulia samaki gramu 15 ndani ya kingo ya kushoto. Pande mbili sasa zinapishana gramu 6 tu. Nimefanya hicho kimoja peke yake, mzee, nimejifunza.

Kwenda mbele: mbele kushoto linagusa jiwe muda wote, ila halishiki. Naweza kupitisha karatasi chini yake. Rivasi: nyuma kulia inanyanyuka zaidi ya jana, karibu sawa na penseli.

Nilikaa pale juu ya jiwe mpaka jua likazama upande wa ziwa, naipandisha na kuishusha. Haijabiringika hata mara moja. Gia zinalia taratibu, tairi zinajikunja kwenye chembe za jiwe moja moja, unaona kabisa ikitafuta pa kushika.

Kasikazi_Muscat
Sawasawa na hesabu. Uzito ulikuwa unaficha nusu ya msukumo ikirudi rivasi, umeuondoa, msukumo umejitokeza pande zote mbili.

FundiNati
Au springi ya nyuma kulia imechoka kuliko ya kushoto na sasa ndio inaonekana. Jabali, badilishana springi mbili za nyuma, kushoto iende kulia, usiguse kitu kingine. Ikihama na springi, ni springi.

Jabali_Mwz
Nimezibadilisha usiku huu. Kesho kazini natoka saa kumi, saa kumi na moja niko juu ya jiwe. @binti_kirumba njoo na yako, tupande sehemu moja tulinganishe.

binti_kirumba
Nakuja. Nabeba mzani wangu.